Kuchagua kozi ya shahada baada ya kidato cha sita

Anza na matokeo yako, si jina la chuo. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kozi nyingi zinataka angalau principal mbili (principal ni ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, na hapa ndipo wengi wanapokwama: zinahesabiwa kwenye masomo ambayo kozi yenyewe inayataka, si lolote ulilofaulu. Mtu wa PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) mwenye A ya Kemia na A ya Baiolojia, lakini S ya Fizikia, yaani chini ya principal, hapati udaktari wa binadamu. Soma sifa za kila kozi kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu. Wa mwaka jana achana nao.

Kisha linganisha ada, na nauli pia: anayeishi Mbagala akisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, anavuka jiji kila siku.

Ukiombea stesheneri, jaza namba yako ya simu na barua pepe yako mwenyewe. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa huko, siyo kwa mwenye duka. Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) una maombi yake peke yake. Kwa maombi hayo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo.