Somo: Kujaribu mashine ya TENS kwa mama anayebanwa na mkojo kila saa

Wamama wa Bukavu, somo hili ni la anayebanwa ghafla, anayeamka usiku mara kwa mara, anayeogopa kupanda gari la Uvira. Mashine ndogo ya TENS, ile ya maumivu ya mgongo inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi kupitia pedi, inaweza kusaidia.

1. Mkojo upimwe kwanza. Maambukizi na kisukari huleta dalili hizi hizi.

2. Daftari. Siku tatu mfululizo andika saa uliyokojoa, mililita ngapi (tumia jagi lenye alama), na kila ulipovuja. Tafadhali usiruke hapa! Bila daftari hutajua kama umepona au umezoea tu.

3. Chagua mashine inayokubali uweke namba mwenyewe: Hz (mipigo ya umeme kwa sekunde) 10 hadi 20, na urefu wa kila mpigo mikrosekunde 200. Inatumia betri, umeme ukikatika unaendelea.

4. Pedi ya kwanza: vidole vitatu juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma kidogo ya mfupa. Ya pili: upande wa ndani wa kisigino. Mshipa wa fahamu unaopita hapo unatoka kwenye mizizi ile ile ya mgongoni inayotoa mishipa ya kibofu, ndiyo maana tunaanzia mguuni. Ongeza polepole mpaka unyayo usisimke au kidole gumba kicheze. Ukisikia mchomo kwenye ngozi tu, sogeza pedi. Kikicheza, punguza hadi pasiume, kaa dakika 30.

5. Baada ya wiki 12, daftari tena siku tatu. Linganisha.

MASWALI

– Dada kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), nina mimba ya miezi minne. Naanza?
Hapana, mama, subiri ujifungue. Mwenye betri ya moyo naye asiiguse.

– Nimemaliza wiki mbili, sioni kitu.
Ni mapema mno, dada. Hata wanaotibiwa hospitalini kwa sindano nyembamba inayopeleka umeme kwenye mshipa huo huo hupewa vipindi 12, kimoja kwa wiki. Endelea.

– Mimi mkojo unatiririka mchana na usiku tangu nilipozaa. Sibanwi hata kidogo.
Pole sana, mama yangu. Usinunue mashine. Hiyo inaweza kuwa fistula, tundu ambalo umeme hauzibi. Mara nyingi linahitaji upasuaji. Nenda Hospitali ya Panzi wiki hii, useme wazi kwamba ilianza baada ya uzazi.