Kabla hujaenda kuangalia ndege Wales kipindi cha baridi, jua maji yanajaa saa ngapi

Desemba ikifika tu magrupu yanajaa video za kwezi wakizunguka angani Newport na mwewe wekundu kule milimani, na kila mtu anataka kwenda wikiendi hiyo hiyo. Nendeni jamani, ni kitu cha kuona kwa macho yako. Ila kabla hujapakia watoto kwenye gari kuna mambo ya kuweka sawa, na nitayasema bila kuremba.

Nguo. Vaa tabaka tabaka, ya ndani kabisa isiwe pamba maana ikilowa haikauki na inakunyonya joto mwilini, juu jaketi la kuzuia upepo na mvua. Gambuti, soksi nene, na seti nzima ya nguo kavu ibaki kwenye gari. Seti nzima nimesema, sio soksi peke yake. Glavu nyembamba za kushikia darubini na nene za kuvaa juu yake. Darubini ya 8x42 inakutosha, usidanganywe na zile za kukuza mara 20, mkono ukianza kutetemeka na baridi huoni chochote. Simu weka mfuko wa ndani karibu na mwili kwa sababu betri kwenye baridi inakufa ghafla, na beba pawabenki. Chai ya tangawizi chupa kubwa, yenye sukari.

Mwanga. Desemba huku jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi hivi na saa kumi jioni limeshazama, mchana wenyewe ni masaa manane tu, kwa hiyo yule anayesema "tutatoka nyumbani saa sita baada ya kula" mwambieni abaki. Tochi ya kichwani kila mtu na yake hata mtoto. Kwezi wa Newport Wetlands wanaingia kulala kwenye matete dakika za mwisho za mwanga, fika saa tisa na nusu uwe umeshasimama, na angalia geti la paking linafungwa saa ngapi kabla hujaondoka kwenye gari. Ukiwa Ceredigion, magharibi ya Wales, unaweza kupata vyote viwili siku moja: Bwlch Nant yr Arian wanalisha mwewe wekundu saa nane mchana kipindi cha baridi (kiangazi ni saa tisa, msichanganye), afu unashuka kilomita kama 15 mpaka Aberystwyth ambako kwezi wanalala chini ya gati ya zamani pale ufukweni. Hao mwewe mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamebaki jozi chache sana Uingereza nzima na zote zilikuwa huku Wales, kwa hiyo ukiona wanavyozunguka kwa wingi namna ile juu ya ziwa, ujue kuna watu walipambana miaka mingi kuwalinda.

Wenye watoto wadogo au mtu wa kiti cha magurudumu, anzeni hifadhi ya ndege ya Conwy, kaskazini. Ile hifadhi ilitengenezwa kwa tope lililochimbwa wakati wanajenga handaki la barabara ya A55, ikafunguliwa 1995, njia zake ni nzuri na choo kipo. Llanelli nako kuna vibanda vya kuangalizia, unakaa ndani upepo haukupigi.

Sasa maji. Hapa naomba msiruke mistari.

Sisi watu wa pwani tuna tabia ya kudhani bahari tunaijua. Umezaliwa Lamu, Tanga, Pemba, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) unayajua kwa kuangalia mwezi, nani akufundishe? Hesabu ya mwezi ni ile ile kweli, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku moja mbili baadaye ndo bamvua. Kinachobadilika ni kimo. Mombasa bamvua linapanda mita 3 na ushei. Swansea ni mita 8 na zaidi, ukifika Cardiff linapita mita 11. Na saa za kujaa na kupwa ni zile zile, masaa sita na kidogo. Yaani maji mara tatu ya unayoyajua yanapita mbele yako kwa muda ule ule.

Nitawaambia tulichokiona Whiteford, kule kaskazini ya Gower, ile rasi ya karibu na Swansea. Pale kuna mnara wa taa wa chuma, wa mwaka 1865, umesimama baharini, na maji yakipwa unaweza kuufikia kwa miguu. Kipindi cha baridi wanakuja bata bukini wadogo weusi, bata wa eider, na wale weusi-weupe wenye mdomo mwekundu wanaokula kombe, maelfu. Kaka mmoja wa kwetu, mtoto wa mvuvi na yeye mwenyewe amevua, akasema anatoka na mpwa wake mpaka karibu na mnara akawaone eider vizuri. Maji yalikuwa yamepwa kabisa saa saba mchana. Sisi wengine tukabaki kwenye matuta ya mchanga na teleskopu.

Saa tisa kasoro nikawa nawatafuta kwenye teleskopu nikaona kitu kinameta kati yao na sisi. Nikadhani ni mchanga wenye unyevu. Halafu kikasogea. Ulikuwa mfereji, mwembamba, una povu la kahawia mbele linatambaa pole pole kama mtu anamwaga chai kwenye sinia, na ulikuwa unatokea pembeni, sio baharini. Nikapiga simu. "Kaka rudini, maji yameshaingia nyuma yenu." Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Maji gani dada, bahari ile pale mbali naiona." Na kweli aliyokuwa anaiangalia ilikuwa mbali. Mchanga wa kule ukisimama juu yake unauona tambarare lakini una mabonde, na maji yanapita kwenye mabonde kwanza, yanakuzunguka mgongoni huku mbele bado kukavu.

Wakati yeye anageuka mwenzetu alikuwa ameshapiga 999, namba ya dharura, akaomba Coastguard, yaani waokoaji wa pwani. Walivuka wakiwa wameshikana mikono, kijana maji yakamfika kiunoni, kaka mapajani, gambuti zimejaa hazinyanyuki. Maji ya nyuzi 10 hivi. Walitoka. Lakini yule kijana alipofika kwenye nyasi alikuwa haongei vizuri, maneno yanaburuzika, na kaka alikuwa anajaribu kufungua zipu ya jaketi la mtoto na vidole havifungi, anaishika inateleza, anaishika inateleza, machozi yanamtoka. Tukamvua zile nguo zote pale pale, aibu weka pembeni, tukamvalisha kavu, kofia, blanketi, chai tamu kidogo kidogo. Msimsugue mtu mwenye baridi ya namna hiyo, msimpe pombe, msimtembeze mbio ati apate joto. Watu wa uokozi walipofika walimpima na hawakugomba hata kidogo, walisema tu bora kupiga mapema kuliko kuchelewa.

Shikeni hesabu hii maana ndo iliyotaka kuwaua. Maji yakianza kujaa saa la kwanza yanapanda kidogo, la pili zaidi, la tatu na la nne ndo yanakimbia, nusu ya maji yote inaingia kwenye hayo masaa mawili. Nusu ya mita 8 ni mita 4. Bamvua zima la Lamu halifiki hapo. Na kusini mwa Wales bamvua linakuwa limepwa saa sita saba mchana na linajaa magharibi, siku zote, kwa hiyo kipindi cha baridi yale masaa mawili ya mbio yanaangukia pale pale giza linapoingia. Mchana unakuvutia utoke mbali kwa sababu mchanga ni mkubwa na mkavu, jioni unalipa.

Kaskazini ni kinyume. Conwy na mdomo wa mto Dee bamvua linajaa karibu na saa sita mchana, na hiyo ni faida yako: nenda Talacre au Conwy masaa mawili kabla ya kujaa, simama pakavu juu, usubiri. Maji yanawasukuma sululu na kitwitwi mpaka wanakuja wenyewe karibu yako. Hakuna haja ya kuwafuata ndege kwenye tope, maji yakipwa wametawanyika kilomita na kilomita hata ukitoka huwaoni vizuri. Jedwali la maji la Admiralty, wale watu wa ramani za bahari wa Uingereza, lipo bure mtandaoni, angalia bandari iliyo karibu na unakokwenda, andika saa ya kupwa na saa ya kujaa kwenye karatasi, na weka alarm ya kugeuka kabla hata maji hayajaanza kujaa. Ukienda Worm's Head, kisiwa cha kwenye ncha ya Gower, muda wa kuvuka kwa miguu ni masaa mawili na nusu kabla na baada ya kupwa, basi, na ukikuta umeshachelewa huko kisiwani kaa huko huko usijaribu kuvuka.

Na hata gari. Ile barabara ya kinamasi kati ya Crofty na Llanrhidian inafunikwa na maji siku za bamvua kubwa, msipaki pale mkaenda zenu.

Mengine ni ya kawaida. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, jina la kijiji kamili sio "Gower huko". Sajili simu yako kutuma meseji za dharura 999, kuna sehemu netiweki haipigi lakini meseji inapenya. Whiteford ilikuwa uwanja wa mizinga wakati wa vita, ukiona chuma cha ajabu mchangani usikiguse. Ufukweni wawindaji wa bata wanaruhusiwa mpaka tarehe 20 Februari, alfajiri usijifiche kwenye nyasi ndefu. Ndege waliolala usiwasogelee ili wapae upige picha, kila wakiruka wanachoma mafuta waliyoyatafuta siku nzima. Mbwa na kamba yake. Geti la mkulima ulilikuta limefungwa lifunge. Barabara za milimani asubuhi zina barafu usiyoiona, na ukikuta ndege amekufa, hasa bata au shakwe, mtoto asiokote hata unyoya kwa sababu ya mafua ya ndege, toa taarifa serikalini, na osha viatu kabla hujakwenda kwa mtu anayefuga kuku.