Namna ya Kusoma Nishani za Rubani Aliyekuwa Mateka wa Vita

Anza na tarehe tatu, yaani ya tendo, ya kutekwa na ya kuvishwa nishani, kwa sababu jina la nishani peke yake halionyeshi kama rubani aliipata kwa jambo la angani au la gerezani. Leo Thorsness wa Jeshi la Anga la Marekani alitunukiwa Medali ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa wa kijeshi nchini humo, kwa mapambano ya tarehe 19 Aprili 1967. Siku 11 baadaye ndege yake ilidunguliwa Vietnam ya Kaskazini, hivyo akavishwa mwaka 1973, baada ya kuachiliwa. James Stockdale wa Jeshi la Wanamaji aliipokea medali hiyohiyo mwaka 1976 kwa tendo la kifungoni: mwaka 1969 alijijeruhi makusudi, akiwa tayari kufa badala ya kusalimu amri. Ushujaa wa namna hiyo, usio na ndege wala silaha, usome polepole katika maelezo rasmi ya tuzo.

Kisha tafuta Medali ya Mateka wa Vita, iliyoanzishwa mwaka 1985, yenye tai aliyezungukwa na seng'enge. Nishani ya Moyo wa Zambarau huhusu majeraha.