Kulea vifaranga wa gapi: kuanzia saa ya kwanza hadi wiki ya sita

Gapi, samaki mdogo wa mapambo, hatagi mayai, anazaa. Unakwenda asubuhi kuwapa samaki chakula, unaona vipande kama vya uzi vinatetemeka kwenye kona juu ya maji, unasogea karibu, kumbe vina macho. Ukiwakuta hivyo bila kujiandaa, jua hao ni masalia. Wenzao wameshaliwa na wakubwa, na mama aliyewazaa hakubaki nyuma.

Nianze na kosa langu, maana somo lote limetoka hapo. Mzao wangu wa kwanza ulikuwa wa vifaranga 26. Niliwatoa wote salama, nikawapa tangi lao, nikawalisha kama mtu anayenenepesha kuku wa nyama. Siku ya tano maji yalikuwa na ukungu mweupe. Siku ya tisa sikuwa na kifaranga hata mmoja, na waliokufa walikuwa na matumbo yaliyojaa. Kifaranga wa gapi hafi kirahisi kwa njaa. Anakufa kwa mabaki ya chakula yanayooza pembeni yake na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki.

Hatua ya 1: Mtambue jike anayekaribia

Mimba huchukua siku 21 hadi 30 hivi. Maji yakiwa ya joto zaidi huwahi, yakipoa huchelewa. Tazama doa jeusi lililo nyuma ya tumbo karibu na mkundu. Hukua na kukolea kadiri siku zinavyosogea. Mimi naamini zaidi umbo: tumbo huacha kuwa la duara, likawa kama sanduku, limeshuka wima chini ya kifua. Baada ya hapo jike hujitenga, hujibanza karibu na hita au nyuma ya majani, na chakula hakitaki.

Utaambiwa umtie kwenye kisanduku cha kuzalia. Mimi sikipendi. Jike akifungiwa siku nzima kwenye boksi dogo hupata wasiwasi, na mwenye wasiwasi huweza kuzaa kabla ya wakati au kuzuia uzazi. Kama huna namna nyingine, mtie anapoanza dalili za mwisho na umtoe mara amalizapo. Mimi najaza mosi ya Java (mmea laini wa majini) na majani mengine membamba yanayoelea, vifaranga wajifiche wenyewe.

Ukibahatika kumkuta anazaa, vuta kiti. Kifaranga hutoka amejikunja, mkia umekutana na kichwa, anashuka kama punje inayozama. Kabla hajagusa chini anajinyoosha, anapiga mkia mara mbili tatu, anakimbilia kwenye majani kana kwamba kuna aliyemwelekeza. Ana urefu wa milimita 6 hadi 8 tu. Baada ya dakika chache anakuja mwingine, na shughuli nzima huweza kuchukua saa kadhaa. Jike mchanga huzaa wachache, aliyekomaa 20 hadi 50, na wapo wanaovuka 100.

Hatua ya 2: Tangi lao

Lita 20 hadi 40 zinatosha kwa mzao mmoja. Kubwa mno si zuri kwa wiki ya kwanza, kwa sababu chakula kinatawanyika na wao hawakifikii. Usiweke kokoto wala mchanga. Kioo kitupu chini kinakuonyesha uchafu ulipo na unaunyonya wote.

Filta iwe ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, mapovu yatoke taratibu. Filta yenye mdomo wa kuvuta maji itawameza, labda uufunike kwa sponji au kitambaa cha nailoni. Halafu hili ni muhimu kuliko hita: sponji isiwe mpya. Iache kwenye tangi kubwa wiki nne au zaidi kabla ya siku ya kuzaa, ipate wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Sponji mpya inachuja taka zinazoonekana, lakini sumu inapita kama ilivyo.

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27. Gapi wanapenda maji magumu kidogo (yenye madini), pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7 na 8, ila usihangaike kuibadilisha kwa dawa. Maji yasiyoyumba yana faida kuliko namba nzuri ya siku moja.

Hatua ya 3: Kuwahamisha

Weka wavu pembeni. Tumia kikombe: kizamishe polepole mbele ya kifaranga, maji yaingie naye aingie. Tangi jipya ulijaze kwa maji ya tangi lile lile walikozaliwa, hapo hakuna cha kuzoeshwa.

Hatua ya 4: Chakula

Hapa ndipo penye kazi. Kifaranga wa gapi anakula ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa na mdomo wake unapokea chembe ndogo moja kwa moja, kwa hiyo huna haja ya kufuga vijidudu vya maji ya kijani kama wafugao samaki wanaotaga wanavyolazimika.

Kilicho rahisi ni chakula cha kawaida cha vipande vyembamba, usage kwa vidole viwili mpaka kiwe vumbi. Chovya ncha ya kijiti cha meno, kile kilichonata ndicho mlo wa vifaranga 30. Utaona ni kama umewanyima. Subiri dakika tatu, tazama matumbo: yakiwa yametuna na kuonyesha rangi ya chakula, wameshiba. Wape hivyo mara 3 hadi 5 kwa siku. Matumbo yao ni madogo na yanamaliza haraka, ndiyo maana mlo mmoja mkubwa hauchukui nafasi ya minne midogo.

Kiini cha yai lililochemshwa kinakuza, lakini ndicho kilichoniangusha. Ukikitumia, chukua chembe kama kichwa cha pini, ikamue kupitia kitambaa ndani ya maji kidogo, wape matone machache, kisha nyonya mabaki baada ya nusu saa. Kama hutakuwepo kunyonya, usiwape.

Chakula ninachokipa namba moja ni artemia (uduvi wadogo sana wa maji ya chumvi) waliotoka kuanguliwa. Chupa ya lita moja, maji yenye gramu 25 hivi za chumvi isiyo na iodini, mayai ya artemia nusu kijiko cha chai, mpira wa hewa uwe unabubujisha toka chini, joto nyuzi 26 hadi 28, mwanga juu yake. Baada ya saa 24 hadi 36 maji yanageuka rangi ya chungwa. Zima hewa, acha dakika kumi. Maganda matupu yanapanda juu, mayai yaliyogoma yanalala chini, na walio hai wanakusanyika kwenye mwanga. Wavute hao kwa mpira mwembamba, wachuje kwa kitambaa, wasuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, halafu wape. Kwa kuwa wanaogelea, vifaranga wanawafukuza, na huo mchezo peke yake unawakuza. Maganda usiyapeleke, huweza kuziba utumbo.

Taa zima usiku. Nao wanahitaji giza.

Hatua ya 5: Maji

Kila siku nyonya uchafu wa chini kwa mpira wa hewa, ule mwembamba, si mpira mkubwa wa tangi. Ishike ncha yake kama kalamu, na upande wa pili utiririke kwenye ndoo nyeupe. Ukimvuta kifaranga bahati mbaya unamwona na kumrudisha. Badilisha asilimia 20 hadi 30 ya maji mara mbili au tatu kwa wiki. Maji mapya yawe na joto lile lile na yasiwe na klorini. Yamwage polepole, tena ukutani mwa tangi. Amonia na nitriti zisome sifuri. Zikisoma chochote, punguza chakula siku hiyo na badilisha maji, usitafute dawa.

Hatua ya 6: Kuwatenga

Kuanzia wiki ya tatu au ya nne angalia pezi la chini nyuma ya tumbo. La jike linabaki pana kama feni ndogo; la dume linajikunja na kurefuka kama kijiti, na rangi zinaanza mkiani. Ukiona kijiti, hamisha. Ukisubiri rangi zikolee umechelewa, atakuwa ameshapanda dada zake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, jana usiku niliona vifaranga kama 15, leo asubuhi wako watatu. Wakubwa nimewapa chakula cha kutosha, kwa nini wawale?

Jibu: Kushiba hakuwazuii. Gapi mkubwa akiona kitu kidogo kinachosogea anakivamia tu. Chakula kinapunguza kasi, ila kinachookoa ni majani mengi. Tena kabla hujawalaumu, fungua filta yako uangalie ndani. Mimi niliwahi kukuta wanne hai wanaogelea kwenye kikasha cha filta, wamenawiri kuliko wa nje.

Swali: Wangu wamezaliwa leo lakini wanne wanalala chini, wanarukaruka kama vyura, hawapandi. Ni ugonjwa?

Jibu: Ngoja kesho kwanza. Wengi hupumzika chini saa za mwanzo. Watazame tumboni: ukiona kifuko cha njano au chungwa, wamezaliwa kabla ya siku zao. Hao wasipewe chakula mpaka kifuko kiishe, na maji yawe na kina kifupi, sentimita 10 hivi, wafike juu bila kuchoka. Asiye na kifuko na bado hapandi baada ya siku tatu nne, mara nyingi kibofu chake cha hewa hakikujaa, na huyo kwa uzoefu wangu hafiki mbali.

Swali: Mwalimu, nina jike mmoja tu, yupo peke yake miezi miwili, na amezaa mara ya pili. Dume hajawahi kuwepo kwangu. Nimechanganyikiwa.

Jibu: Usichanganyikiwe dada, alikuja na ujauzito. Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa na kuzitumia kidogo kidogo, mizao kadhaa kutokana na dume aliyekutana naye zamani. Ndiyo maana anayetaka kuchagua rangi huanza na jike aliyetengwa tangu udogo.

Swali: Maji ya bomba nikiyaacha ndooni siku moja yanafaa?

Jibu: Kama yametiwa klorini ya kawaida, ndiyo, ndoo wazi kwa saa 24, ukiweka na mpira wa hewa ni vizuri zaidi. Kama yametiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), hata ukiyaacha siku tatu haitoki. Waulize wanaosambaza maji wanatumia ipi, au tumia tu dawa ya kuondoa klorini inayosema inaondoa zote mbili.

Swali: Lini nawarudisha tangi kubwa?

Jibu: Mchukue mkubwa wa kabisa, uangalie mdomo wake. Kifaranga asiyeweza kuingia mdomo ule anarudi. Kwangu huwa ni sentimita 1.5 kwenda juu, wiki ya sita hivi. Ila wakikua kwa viwango tofauti, warudishe kwa mafungu, usirudishe wadogo kwa sababu tu kaka zao wamefika.

Swali: Wanakufa mmoja mmoja kila siku, mapezi yamebana mwilini kama miavuli iliyofungwa. Nimeshaweka chumvi na dawa mbili tofauti.

Jibu: Acha dawa, kaka. Mapezi kubana hivyo ni malalamiko ya maji kabla ya kuwa ugonjwa. Badilisha robo ya maji leo, robo kesho, nyonya chini yote, na chakula kiwe mara mbili kwa siku hadi watulie. Pima amonia. Halafu niambie: sponji ya filta yako uliiosha kwa maji gani mara ya mwisho?

Swali: Ya bomba, Jumapili. Niliisugua ikawa nyeupe kabisa.

Jibu: Hapo ndipo penyewe. Umewapoteza bakteria wengi siku moja. Chukua kipande cha sponji kutoka tangi kubwa, kifunge juu ya hii, na kuanzia sasa ikamue tu kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Itabaki ya kahawia, iache hivyohivyo.

Swali: Nina zaidi ya 80 na jike mwingine ana tumbo sanduku. Naweza kuwaachia mtoni?

Jibu: Hapana, hata mmoja. Asili yao ni kaskazini mashariki mwa Amerika Kusini na visiwa vya karibu kama Trinidad. Wamepelekwa nchi nyingi ili wale viluwiluwi vya mbu, na sehemu kadhaa wameishia kuwasumbua samaki wa hapo. Wagawie wenye matangi, waulize wauzaji wa samaki wa mapambo kama watawachukua. Kuhusu huyo mwenye tumbo sanduku, punguza majani kwenye tangi la wakubwa, mzao huu watajichuja wenyewe. Na wale 80 uwatenge madume leo, usingoje mwisho wa wiki.