Namna ya Kuhifadhi Kanda za Zamani za Klabu ya Taarab

Unguja, ambako klabu ya taarab ya Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905 na Culture Musical Club mwaka 1958, nyimbo nyingi zilizopigwa klabuni na harusini hazikuingia katika santuri. Zilinaswa kwa rili, yaani kanda pana za gurudumu lililo wazi, na baadaye kwa kaseti, na kanda hizo sasa zimo makabatini na mivunguni, katika hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi.

Kwanza ipe kila kanda nambari, kisha piga picha boksi lake pande zote pamoja na vikaratasi vilivyomo, kwa kuwa mwandiko wenyewe huweza kumtambulisha aliyerekodi. Kanda yenye unga mweupe wa ukungu itenge katika mfuko wake wala usiipige, maana ukungu huo utahamia kwenye mashine na kanda nyingine.

Kabla ya kupiga kaseti, vunja vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo mgongoni mwake, ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya. Safisha hedi, yaani sehemu ya mashine inayosoma kanda, kwa pamba na spiriti, kisha zungusha polepole skrubu ndogo iliyo kando ya hedi mpaka nyuzi za ganuni zisikike kali na safi. Kazi hii hurudiwa kwa kila kaseti. Rili ikipiga ukelele na kunata, isimamishe mara moja, kwani gundi inayoshika unga wa sumaku imeharibika. Nasa sauti katika faili la WAV la biti 24 na kilohezi 96, ambalo huchukua takriban gigabaiti 2 kwa saa.

Faili hilo la kwanza lisiguswe kabisa. Nimewahi kupokea nakala ambayo fundi aliisafisha kwa nia njema, akakata kila kilichokuwa kati ya wimbo na wimbo, na pamoja nacho vikaenda vigelegele, viti vinavyosogezwa watu wakiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, na sauti ya mtu akitaja mtunzi wa wimbo unaofuata. Hapo ndipo tunapojua ni ubeti upi uliowagusa waliokuwapo. Ukitaka kupunguza mikwaruzo, fanya hivyo katika nakala nyingine.

Usingoje kumaliza kanda zote ndipo uwaite wazee. Zikitimia tano, keti nao, wasikilizishe, na uwarekodi wanapotaja nani anapiga fidla, harusi ilikuwa ya nani na mtaa gani.

Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya kisiwa, na kanda zenyewe usizitupe. Kabla ya kuzirusha intanetini, pata ridhaa ya klabu na ya watunzi au warithi wao, na waulize wazee kuhusu mafumbo: nyimbo nyingine zilimlenga mtu anayejulikana, ambaye huenda yu hai au wanawe wapo. Wakiomba kanda fulani ifungwe kwa muda, andika ombi hilo na tarehe yake daftarini, mbele ya nambari ya kanda hiyo.