Jinsi ya Kuhakiki Geji za Joto la Injini katika Ndege Ndogo

Geji inapoonyesha joto la kutisha ndege ikiwa angani, rubani huiamini na kutafuta mahali pa kutua. Ndege ikiwa chini, busara ni kuhakiki geji yenyewe kabla injini haijafunguliwa, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni au chini ya usimamizi wake.

Anza asubuhi, injini ikiwa imepoa usiku kucha. Geji zote za kidijitali, ya oili na za vichwa vya silinda, zisome joto la hewa ya nje. Itakayotofautiana na wenzake ina kasoro.

Kipimo chenye uzito zaidi ni cha maji yanayochemka. Chomoa sensa ya oili bila kuikata waya wake, uunganishe bodi yake na injini kwa waya wa muda, kwa maana sensa nyingi za aina hii hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia injini, kisha utumbukize ncha yake ndani ya maji. Katika usawa wa bahari geji isome nyuzi 100 za Selsiasi. Kiwango hicho hupungua takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo katika uwanja ulio mita 1,500 tarajia 95. Ikiwa sensa ni nzima lakini mshale husogea taa ya kutua inapowashwa, kagua ethi.

Vichwa vya silinda hupimwa kwa themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizoungwa nchani, ambayo ikipata joto hutoa umeme mdogo mno, takriban mikrovolti 50 kwa kila nyuzi moja katika zile za chuma na konstantani (aloi ya shaba na nikeli). Waya wake ukiungwa kwa shaba ya kawaida (kosa ambalo hufanywa mara nyingi mno), usomaji huharibika.

Silinda moja ikionekana ya moto kuliko nyingine, hakikisha kwanza kwamba sensa zote ni za aina moja, kwa kuwa ile ya pete inayokaa chini ya plagi haisomi sawa na ile inayochomekwa kichwani. Kisha badilishana sensa za silinda mbili: joto likihama na sensa, sensa ni mbovu, likibaki palepale, chunguza vibati vinavyoelekeza hewa ya kupoza.

Kwa geji ya moshi wa ekzosi, namba kamili haina uzito mkubwa, kwani hubadilika kulingana na umbali wa sensa kutoka kwenye vali. Kinachosomwa ni mabadiliko yake rubani anapopunguza mafuta kwenye mchanganyiko wake na hewa.