Kalankoe yako ni majani tu? Ifunike

Mwezi uliopita wifi yangu alinipigia simu kutoka Kisumu. "Wifi, hii maua uliniletea imekataa. Mwaka mzima ni majani tu." Nilicheka, kwa sababu mimi mwenyewe hapa Nakuru nilikaa na majani matupu miezi kumi na minne kabla sijajua kosa langu. Nimemweleza kwa simu mara mbili na mara zote akasahau nusu, kwa hivyo naandika.

Mmea wenyewe ni kalankoe, kwa jina la kitaalamu Kalanchoe blossfeldiana: majani manene yenye kingo za meno-meno, na vishada vya maua madogo mekundu, ya manjano, ya waridi au meupe. Asili yake ni Madagaska. Kwenye vitalu vya kando ya barabara utaipata ikiwa imeshachanua. Hayo maua ya kwanza ni kazi ya mwenye kitalu. Yako ni ya pili.

Hatua ya 1: Chungu

Tumia chungu cha udongo kisichopakwa rangi, chenye tundu chini. Vile vya kung'aa visivyo na tundu mimi huviita makaburi. Mkebe wa Kimbo uliotobolewa kwa msumari unavishinda vyote.

Hatua ya 2: Udongo

Changanya udongo wa shambani sehemu mbili, mchanga wa mto wa chembe kubwa sehemu moja, na sehemu moja ya yale mawe mepesi ya kusugulia visigino, ambayo ukiyatupa kwenye ndoo ya maji yanaelea. Yaponde yawe kama punje za mahindi. Ukiyakosa, ongeza mchanga.

Mbolea kidogo sana. Usiniletee ile CAN, mbolea ya nitrojeni, iliyobaki kwenye mahindi. Itakupa majani manono na laini, na maua utayasubiri sana.

Hatua ya 3: Maji

Zamisha kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pabichi, ondoka. Pakiwa pakavu, mwagilia udongo, si majani, kisha mwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani. Iweke dirishani panapopata jua la asubuhi.

Hatua ya 4: Giza

Hapa ndipo nilipopotezea mwaka. Nilibadilisha udongo, nikabadilisha chungu, nikaihamisha dirisha hadi dirisha, hata nikaanza kumlaumu aliyeniuzia. Jirani yangu, ambaye kalankoe yake ilitoka kwenye kipandikizi nilichomkatia mimi, aliiweka kwenye korido ya nyuma karibu na stoo, mahali ambapo balbu iliungua na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Yake ikachanua. Yangu ilikuwa kwenye dirisha la sebule, na nje ya dirisha hilo ploti ina taa ya usalama inayowaka hadi kuche.

Kalankoe hutoa maua pale usiku unapokuwa mrefu. Ukiikatizia usiku kwa taa, inaendelea kuotesha majani tu. Miongozo ya Ulaya itakwambia usubiri majira ya baridi, maana kwao usiku hurefuka wenyewe. Sisi tuko karibu na ikweta. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi kuanzia Januari hadi Desemba, tena nuru ya machweo na ya alfajiri inaumega huku na huku. Kwa kalankoe hapo ni mpakani. Ukiongeza taa ya sebule hadi saa tano, umeshamaliza kila kitu.

Basi ifunike. Saa kumi na moja jioni weka katoni juu yake, saa moja asubuhi iondoe. Hizo ni saa 14 za giza. Fanya hivyo kila siku kwa wiki 6, na mchana irudishe kwenye mwanga mzuri, kwa sababu giza peke yake halileti ua.

Sasa mambo yaliyonikwamisha. Katoni nyingi zina matundu mawili ya kushikia. Nilifunika wiki nzima kabla sijayaona. Yazibe kwa utepe wa gundi, halafu ingiza kichwa chako ndani (naam, kichwa) uangalie kama kuna mwanga unaopenya. Ndoo nyeupe haifai, inapitisha nuru. Mfuko wa plastiki nao unatoa jasho, na majani yakilala kwenye unyevunyevu yanaota ukungu mweupe kama unga. Kwa sababu hiyo hiyo, mwagilia asubuhi, si jioni. Usifunue usiku kuchungulia kwa tochi ya simu. Najua utataka. Nilienda matanga siku nne nikamwachia kijana wangu kazi ya kufunika, akasahau mbili, na naamini ndizo zilizonichelewesha. Ilifika mahali stima ikipotea jioni mimi nafurahi peke yangu kwenye ploti nzima.

Kwa wa Kisumu kuna jambo moja zaidi. Usiku wa joto sana huchelewesha maua hata kama giza limetimia. Iweke katoni sakafuni, kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote, mbali na jiko na friji. Hapa Nakuru usiku wenyewe una baridi ya kutosha, hilo halinisumbui.

Ukiona vichomozo vidogo vya kijani vimesongamana katikati ya majani ya juu, ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, acha kufunika. Yangu ilifungua ua la kwanza wiki ya 11 tangu nianze.

Hatua ya 5: Maua yakikauka

Kata bua lote la maua, shuka hadi jozi ya pili ya majani. Ncha changa zisizo na maua, za urefu wa kidole, zikate uzipande. Ziache kwanza kivulini siku mbili jeraha likauke, la sivyo zitaoza. Wadudu weupe kama pamba wafute kwa pamba yenye spiriti.

Mabaki usiyatupe nje ovyo. Kalankoe ni sumu inayoshambulia moyo wa mbuzi, ng'ombe na kuku, na maua ndiyo makali zaidi. Mimi huyafukia.

Wifi yuko wiki ya nne. Jana jioni alinitumia picha: katoni ya sabuni iko sakafuni chumbani, na juu yake, kwa kalamu nene, ameandika MTU ASIGUSE.